Vijiji vya Ukingoni mwa Nyumba ya Mungu

Nyumba ya Mungu ni bwawa kubwa lililopo kusini mwa mji wa Moshi, mahali ambapo mito miwili, Kikuletwa na Ruvu, hukutana na kuzaa mto Pangani. Ukingo wake wa mashariki uko Wilaya ya Mwanga, ncha ya kaskazini inaingia Moshi Vijijini, na upande wa magharibi ni Simanjiro, mkoani Manyara. Mkoa huo wa Manyara una maziwa ya asili yanayojulikana: Manyara lenyewe, Burunge, Babati, Tlawi kule Mbulu na Basotu kule Hanang. Hili la mashariki kabisa halikuletwa na volkano wala na bonde la ufa. Lilitokana na tuta lililojengwa katikati ya miaka ya 1960, na makazi ya wavuvi yanayolizunguka, yakiwemo ya Lang'ata na Kagongo, hayana umri mkubwa kuliko maji yenyewe. Ni nadra kupata Tanzania vijiji ambavyo chanzo chake kinaweza kutajwa kwa muongo namna hii, na ni nadra zaidi kupata vijiji vilivyoota kando ya mradi ambao haukuwa umekusudiwa kuwanufaisha wakazi wake.

Eneo hilo ni kavu. Milima ya Pare upande wa mashariki na Kilimanjaro upande wa kaskazini hukamata mawingu yote yatokayo baharini, na nyika iliyo nyuma yake huambulia mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka wa kawaida. Udongo ni mwepesi, miti ni migunga na mibuyu, na jua hukausha karibu mita 2 za maji kila mwaka kutoka juu ya bwawa. Maji yanayolijaza hayatoki hapo hata kidogo. Kikuletwa hukusanya maji ya mlima Meru na ya miteremko ya kusini na magharibi ya Kilimanjaro, yakiwemo ya chemchemi zisizokauka kiangazi, na ndiyo maana huchangia sehemu kubwa. Ruvu hutoka ziwa Jipe, mpakani na Kenya, ziwa ambalo kwa miongo kadhaa limekuwa likisongwa na magugumaji.

Kabla ya bwawa, bonde hilo halikuwa pori tupu. Wamasai walilitegemea kwa malisho ya kiangazi, kwa kuwa majani ya kando ya mto hubaki mabichi baada ya nyika kuungua. Juu kidogo, Arusha Chini na Kahe kulikuwa na wakulima waliomwagilia mashamba kwa mifereji. Karne ya 19, misafara iliyotoka mji wa Pangani kwenda Kilimanjaro na Umasaini ilipandisha ikifuata mto huo, na mazao ya umwagiliaji ya Arusha Chini yalikuwa akiba muhimu ya chakula kwa wapagazi waliokwisha kupita siku nyingi za ukame. Reli ya Tanga ilipofika Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1910, ilipita chini ya milima ya Pare, upande wa magharibi, na njia ya mto ikapoteza umuhimu. Kwa nusu karne iliyofuata bonde lilibaki kando ya shughuli za biashara, ingawa treni zilipita si mbali nalo.

Wala ujuzi wa kuhifadhi maji haukuletwa na wahandisi. Wapare walikuwa na ndiva, mabwawa madogo ya mlimani yaliyokusanya maji ya vijito usiku ili yafunguliwe mchana kuelekea mashambani kwa zamu. Wachaga walikuwa na mifongo, mifereji iliyochongwa kwenye miteremko kwa maili nyingi na kulindwa na koo zilizoichimba. Mifumo hiyo miwili ilikuwa na kanuni moja iliyo wazi: aliyefanya kazi ya kuchimba na kusafisha ndiye aliyekuwa na haki ya zamu. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilikuja na kanuni nyingine kabisa. Maji yalizuiwa mahali pamoja ili yatumike kilomita nyingi chini ya mto, na haki ya kuyafungua ikawa mikononi mwa ofisi.

Sababu ya kulijenga ilikuwa umeme. Katika miaka ya 1930 maporomoko ya Pangani yalianza kuzalisha umeme uliotumika zaidi Tanga na katika mashamba ya mkonge. Mahitaji yalipokua, kituo cha Hale kikajengwa juu ya maporomoko hayo, mitambo yake ikiwa chini ya ardhi, na mwaka 1964 kikaanza kazi kikiwa na uwezo wa megawati 21. Kwa nchi changa iliyotoka kupata uhuru hicho kilikuwa kituo kikubwa. Tanganyika ilikuwa ikiuza nje zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, zaidi ya nchi yoyote duniani, na viwanda vya kuchakata majani hayo vilihitaji nguvu isiyokatika. Lakini Pangani ni mto wa msimu kama mito mingine ya nyika: masika hufurika, kiangazi hunywea. Mitambo ya Hale ingekaa nusu mwaka ikisubiri. Ghala la maji lilihitajika juu yake, na mahali pazuri palikuwa pale ambapo mto unabanwa na vilima baada ya Kikuletwa na Ruvu kuungana.

Tuta lilifungwa mwishoni mwa 1965 na maji yakaanza kupanda. Likijaa, bwawa hufika karibu mita 689 juu ya usawa wa bahari, hubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 1, na hutanda kwenye eneo la kilomita za mraba kati ya 140 na 180, kutegemea nani amepima na maji yalikuwa kiwango gani. Sehemu kubwa haina kina. Mbali na ukuta, ardhi ni bapa, hivyo maji yakishuka kidogo tu ukingo hurudi nyuma mbali sana. Jambo hilo la umbo la ardhi limeamua maisha ya vijiji kuliko sheria yoyote iliyowahi kutungwa juu yao. Mwaka 1968 mitambo midogo ya megawati 8 ilifungwa kwenye tuta lenyewe, ili maji yanayoachiwa kwenda Hale yafanye kazi pia yakiwa njiani.

Ujenzi wa Kariba kwenye mto Zambezi, uliokamilika miaka michache kabla, uliwahamisha kwa nguvu Watonga wapatao 57,000. Nyumba ya Mungu haikuwa na mkasa wa ukubwa huo, kwa sababu bonde lilikuwa na wakazi wachache wa kudumu. Hasara kubwa ilikuwa ya wafugaji, na hasara ya mfugaji haihesabiki kirahisi kwenye karatasi za fidia: malisho ya kiangazi yaliyozama hayakuwa shamba la mtu mmoja mwenye jina, yalikuwa tegemeo la watu wengi kwa miezi michache ya shida. Palipokuwa na majani sasa palikuwa na maji, na ng'ombe walikuja kunywa mahali walipozoea kula.

Kilichofuata hakikuwa kwenye hesabu kuu za mradi, na ndiyo sehemu ya historia hii inayostahili kuelezwa kwa kirefu. Bwawa jipya linapofunika nchi kavu, maji hulowesha udongo, majani, magogo na samadi ya miaka mingi. Virutubisho vyote vilivyokuwa vimefungwa ardhini huyeyuka kwa pamoja. Mwani huota, wadudu na vijidudu huongezeka, na samaki wanaokula mwani na uozo hupata karamu katika maji mapana yasiyo na ushindani. Mito ya Pangani ilikuwa na perege wake wa asili, ambao mwanasayansi Rosemary Lowe alikuwa amewaeleza kitaalamu mwaka 1955 na kuwapa majina ya ziwa Jipe na ya mto Pangani. Pamoja nao bwawani alikuwamo ngege, samaki wa asili wa ziwa Victoria aliyepandikizwa katika bonde hilo. Hao wote ni wala mwani wazuri. Waliongezeka kwa kasi ambayo haijawahi kurudi.

Mwaka 1970 bwawa lilitoa takriban tani 28,500 za samaki. Kwa maji yaliyokuwa na umri wa miaka mitano, katika nchi iliyokuwa na Victoria, Tanganyika na Nyasa, kiasi hicho kilikuwa cha kushangaza. Kilomita moja ya mraba ya Nyumba ya Mungu ilikuwa ikitoa samaki kwa uzito ambao maziwa hayo makubwa hayakuukaribia. Habari zilisafiri kwa njia ambayo habari za samaki husafiri daima, kwa midomo ya wachuuzi. Wavuvi wenye uzoefu walitoka kwenye maziwa makubwa wakija na nyavu na ufundi, maana wenyeji wa karibu, wafugaji na wakulima wa milimani, hawakuwa na desturi ndefu ya uvuvi wa maji mapana. Wapare na Wachaga walishuka kufanya biashara. Mitumbwi ilichongwa, na madago ya mabua na maturubai yakatokea ufukoni, kila dago na mwalo wake.

Muongo huohuo, kaskazini mwa Simanjiro, tanzanite iligunduliwa Mererani mwaka 1967. Nyika ambayo serikali ya kikoloni iliihesabu kuwa ya ng'ombe tu ikawa, ndani ya miaka mitatu, na vivutio viwili vya watu wa kutafuta riziki.

Mwalo uliendeshwa na kazi nyingi zaidi ya kuvua. Perege mbichi huharibika mchana mmoja katika joto la bonde lile, na barafu haikuwepo. Kwa hiyo samaki wengi walikaushwa juani au kubanikwa juu ya moto wa kuni za migunga, wakapangwa kwenye matenga na kusafirishwa hadi Moshi, Arusha na kwingineko. Wabanikaji, wapara samaki, wakata kuni, washonaji wa nyavu, wapika chai na wali, wenye malori: wote hao waliishi kwa perege bila kutumbukiza wavu. Wanawake walishika sehemu kubwa ya kazi za nchi kavu, na kwa mama aliyeachwa bila shamba mlimani, mahali ambapo ardhi ya ukoo ilikuwa imekwisha kugawanywa vipande vidogo, mwalo ulikuwa moja ya sehemu chache ambazo mtaji wa kuanzia ulikuwa nguvu za mikono. Misitu ya kando ya bwawa ilipungua kwa kasi ileile ambayo majiko yaliongezeka.

Karamu haikudumu. Virutubisho vya udongo uliozama viliisha, kama vilivyoisha Kariba na katika ziwa Volta la Ghana muda mfupi baada ya mabwawa hayo kujaa. Ifikapo katikati ya miaka ya 1970 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya theluthi ya kilele cha 1970. Mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha London walipiga kambi bwawani, wakapima kina, chumvi, mwani, majani ya majini na samaki, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1978. Utafiti huo unabaki kuwa picha kamili zaidi ya bwawa changa la kitropiki katika Afrika Mashariki, na unasaidia kuelewa jambo ambalo wavuvi wengi walilipokea kama laana au kama matokeo ya uvuvi haramu peke yake. Uvuvi wa kupindukia ulichangia, lakini hata bila wavu mmoja wa macho madogo, bwawa lisingeendelea kutoa samaki wa 1970.

Wengi waliondoka. Waliobaki ndio waliogeuza madago kuwa vijiji. Wakati huo serikali ilikuwa ikiwakusanya watu wa vijijini, na Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 iliweka mfumo wa kijiji chenye halmashauri yake. Mwaka 1979 Wilaya ya Pare iligawanywa na Mwanga ikawa wilaya inayojitegemea, yenye ukingo mrefu wa bwawa ndani yake. Upande wa pili, Simanjiro ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha hadi Manyara ulipoundwa mwaka 2002. Mpaka wa mikoa kupita majini si jambo dogo kwa mvuvi. Leseni aliyokata upande mmoja huulizwa upande wa pili, doria huanzia wilaya tofauti, na marufuku ya uvuvi hufanya kazi pale tu wilaya zote tatu zinapokubaliana tarehe moja.

Maisha ya vijiji hivyo tangu hapo yamefuata kina cha maji. Bwawa likishuka, mvuvi hutembea mbali zaidi kufikia mtumbwi wake, na mkulima hufuata nyuma yake akipanda mahindi, maharage na nyanya kwenye tope lenye rutuba. Likipanda, mashamba hayo huzama, pengine kabla ya kuvunwa, na samaki wapya huzaliana katikati ya mabua. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zililijaza bwawa baada ya miaka ya ukame iliyokuwa imeleta mgao wa umeme nchini. Wafugaji nao hushuka na mifugo kiangazi, wakikuta mazao pale walipotarajia majani, na ugomvi wa mkulima na mfugaji hapo una chanzo kinachoonekana kwa macho: ardhi inayogombewa haipo muda wote. Hakuna ramani inayoweza kumaliza mzozo wa kipande ambacho Machi ni shamba, Mei ni maji na Oktoba ni malisho.

Juu ya bwawa, mahitaji yaliongezeka bila kusubiri. Kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini, kilichoanzishwa na Wadenmark katika miaka ya 1930, kilimwagilia miwa yake kwa maji ya bonde hilo. Shamba hilo lilikuja kujulikana kwa madaktari wa dunia nzima, kwa kuwa mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti walijaribu pale udhibiti wa kichocho kwa kuua konokono wa mifereji pamoja na kuwatibu wagonjwa. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Japani, mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi uliingiza kilimo cha kisasa cha mpunga katika tambarare za chini ya mji. Mpunga ulilipa vizuri hivi kwamba wakulima walio nje ya mradi walichepusha maji nao wakalima. Kila eneo jipya la mpunga lilipunguza mtiririko wa kwenda Nyumba ya Mungu.

Ofisi ya maji ya bonde la Pangani, ya kwanza ya aina yake nchini, ilianzishwa mwaka 1991 na makao yake yakawa Moshi. Ilirithi mgogoro uliokwisha kukomaa. Mwaka 1995 kituo kipya cha maporomoko ya Pangani, cha megawati 68, kilizinduliwa kwa fedha za Norway, Sweden na Finland, na mitambo mikubwa zaidi ilimaanisha kwamba kila tone la juu lina thamani zaidi chini. Wakulima wa mifongo waliambiwa wawe na haki za maji zilizoandikwa na walipie. Mtu ambaye babu yake alishiriki kuchonga mfereji alipata tabu kuelewa kwa nini alipe ofisi ya mjini kwa maji yapitayo juu ya shamba lake, na upinzani huo haukuwa ukaidi. Ulikuwa mgongano wa kanuni mbili za haki, ile ya aliyechimba na ile ya aliyesajiliwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 iliimarisha mfumo wa bodi za mabonde na kuwaweka watumiaji katika jumuiya, na tangu hapo mazungumzo yamekuwa na jukwaa, hata pale ambapo maji hayatoshi.

Chini ya tuta mabadiliko yalikuwa makubwa pia, ingawa yalitajwa kidogo. Mto ulikuwa ukifurika kila masika na kulowesha kinamasi cha Kirua, eneo pana la majani, samaki na malisho. Tangu mafuriko yadhibitiwe, sehemu kubwa ya kinamasi imekauka, na vijiji vilivyozoea kuvua na kulima kwa kufuata mafuriko vimebaki na mto unaotiririka kwa kiwango kilekile mwaka mzima. Mbali zaidi, mdomoni mwa Pangani, maji ya chumvi yamepanda juu ya mto na kuharibu mashamba ya kingoni. Mtu wa Lang'ata na mtu wa Pangani mjini huathiriwa na mlango mmoja wa tuta, na mara nyingi kinachomfaa mmoja humwumiza mwenzake.

Uvuvi wa leo ni mdogo kuliko ule wa 1970, lakini bado ndio kazi kuu ya vijiji vya ufukoni. Perege na kambale huuzwa wabichi kwa pikipiki na magari yanayokwenda Mwanga, Moshi na Arusha, kwa hiyo majiko ya kubanika yamepungua. Tatizo la kudumu ni kokoro na nyavu za macho madogo, ambazo huzoa vifaranga kabla hawajazaa. Serikali imewahi kufunga uvuvi kwa miezi mingi ili samaki wakue, na hatua hiyo huleta samaki wakubwa pale inapofunguliwa, ila kaya isiyo na shamba wala mifugo haina pa kushika katika miezi hiyo. Vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali, vinavyofahamika kwa kifupi kama BMU, ndivyo vinavyobeba mzigo wa kuwadhibiti majirani zao wenyewe. Kuna pia hasara isiyoonekana sokoni: perege wa asili wa Pangani na Jipe hawapatikani popote duniani nje ya bonde hilo, na sato aliyeingizwa kutoka kwingine huzaa nao chotara. Wakati huohuo ngege, aliyekaribia kutoweka ziwa Victoria baada ya sangara kuletwa, bado anaishi Nyumba ya Mungu.

Machi 2025 mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan. Ujenzi wake ulianza mwaka 2014, ukakwama mara kadhaa, na chanzo chake ni bwawa hili. Maji husukumwa kutoka ukingoni, husafishwa na kupandishwa hadi kwenye matangi yanayohudumia miji na vijiji vya tambarare ya Pare, ambako wanawake walikuwa wakiamka usiku kutafuta ndoo moja. Bwawa lililojengwa kwa ajili ya mitambo ya mbali lilihitaji takriban miaka 60 kufikisha maji ya bomba kwenye miji inayoonekana kutoka ufukoni mwake. Katika orodha ya matumizi ya maji, sheria sasa inayaweka ya nyumbani mbele ya umeme na kilimo. Kwa hiyo katika mwaka wa ukame, watu wa mabomba ya Same na Mwanga ndio watakaotangulia, kisha mifereji na mitambo igawane kinachobaki.

Vijiji vya ukingoni vinaendelea kukua. Nyumba za matofali zimechukua nafasi ya mabua sehemu nyingi, kuna shule, misikiti na makanisa, na kizazi cha tatu cha waliokuja kufuata perege kinazikana hapo na kuoana na wenyeji wa Upare na Umasaini. Pampu ndogo za mafuta na za jua zimewawezesha baadhi yao kulima nyanya na mboga mwaka mzima bila kungoja maji yashuke, na mazao hayo huondoka kwa magari yaleyale yanayobeba samaki.